Sindano na Mtumba: Ushonaji katika Njia ya Misafara ya Tabora

Wapo makada ambao wakisikia neno ushonaji, mara moja hufikiri juu ya mradi mdogo wa akina mama: cherehani tatu katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kata, vitambaa vya meza vyenye maua, na risala ndefu ya kumkaribisha mgeni rasmi. Kwao hilo ni jambo la kujaza muda, lisilohusiana na mapambano ya kitabaka. Fikra hizo ni potofu. Nguo ni kazi. Ndani ya kila vazi mna jasho la mkulima wa pamba, la msokotaji, la mfumaji na la mshonaji. Na kila vazi linapovaliwa hutangaza mbele za watu mvaaji ni nani, au anataka kuwa nani. Kwa hiyo katika ushonaji hukutana mambo mawili ambayo mara nyingi tunayafundisha katika vyumba tofauti, yaani uzalishaji mali na utamaduni.

Mahali pazuri pa kuyachunguza mambo haya pamoja ni Tabora. Mji huo hauna bahari, na katika karne ya 19 haukuwa na kiwanda, lakini nguo ilikuwa ndiyo fedha yake. Aliyetaka kula alilipa nguo, aliyetaka kupita katika nchi ya mtemi alilipa hongo ya nguo, na mpagazi aliyebeba mzigo kutoka pwani alipokea ujira wake kwa nguo.

MTUMBA WA KWANZA

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara walioufaidi zaidi walitoka Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1837 mmoja wao, Richard Waters, alikuja Unguja kuwa balozi mdogo wa nchi yake huku akiendelea na biashara zake mwenyewe. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Walileta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho watu wetu walikipa jina la nchi kilikotoka: merikani.

Tukifuatilia kitambaa hicho tutaona jinsi ubepari ulivyoifunga dunia nzima kwa uzi mmoja. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Ilisokotwa na kufumwa katika viwanda vya kaskazini ambamo wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani. Ikavuka bahari mpaka Unguja, ikapakuliwa na vibarua na watumwa, ikavushwa tena mpaka Bagamoyo, ikafungwa kuwa mtumba na kuwekwa begani mwa Mnyamwezi. Pembe iliyorudi kwa njia ileile iliishia Marekani na Ulaya, ikawa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vichana. Mwafrika alisimama katika ncha zote mbili za safari hiyo, na katika ncha zote mbili alikuwa mbebaji.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito wa ratili 60 hadi 70, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Msafara wa Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, ulitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda upesi zaidi, maana wao walikuwa wakienda kwao.

Hapa inafaa tusimame katika maneno, kwa sababu lugha yetu imehifadhi historia hii. Kipimo cha kwanza kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Kitambaa kizima kilichokunjwa kilikuwa jora. Jora zilizobanwa na kufungwa kwa kubebwa ziliitwa mtumba. Mama anayekwenda dukani leo kununua doti ya kanga anatumia kipimo cha misafara, ingawa doti yake sasa ni kanga mbili pacha. Na kijana anayefungua bando la nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani anauita mzigo wake kwa jina lilelile la mzigo wa mpagazi. Tutalirudia jambo hili mbele.

Kipimo cha mkono kilikuwa na ugomvi wake. Mkono wa nani? Muuzaji alipendelea mkono mfupi na mnunuzi mkono mrefu, na hongo nyingi zilichelewa kulipwa kwa sababu ya hoja hiyo. Mwenye kushika kipimo ameshika nusu ya bei. Jambo hili mafundi wa leo wanalifahamu sana.

WAFUMAJI WALIKWENDA WAPI?

Historia ya kikoloni iliwafundisha wanafunzi wetu kwamba kabla ya merikani watu wa bara walivaa ngozi na magome ya miti tu. Huo si ukweli wote. Burton mwenyewe, ambaye hakuwa rafiki wa Mwafrika, aliandika kwamba aliona vitanda vya mfumi katika Unyamwezi, na watu wakifuma nguo nzito za pamba iliyolimwa palepale. Katika Ufipa na bonde la Rukwa ufumaji uliendelea mpaka karne ya 20.

Kwa nini sanaa hiyo ilikufa katika Unyamwezi? Jibu jepesi ni kwamba nguo ya kiwanda ilikuwa rahisi kuliko ya mkono. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi, kwa sababu Ufipa nako nguo za kigeni zilifika. Lazima tuangalie nguvukazi. Kufuma shuka moja kwa mkono kulichukua siku nyingi za kusokota na kutanda nyuzi. Kijana wa Unyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi katika msimu wa kiangazi alileta doti kadhaa kwa safari moja, na pamoja na nguo alileta sifa, kwa kuwa safari ya pwani ilihesabiwa kuwa alama ya utu uzima. Alioa kwa nguo hizo, akawavika wazazi. Kijana huyo hakulazimishwa kwa bakora aache kitanda cha mfumi. Aliitwa na ujira. Ndivyo ubepari wa kibiashara unavyoweza kuua kiwanda cha kijijini bila kukichoma moto.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliukata uzi huo kwa ghafla. Pamba ikapungua, merikani ya kweli ikaadimika, na wenye viwanda wa Uingereza na baadaye wa Bombay wakaingia kwa nguo za kuiga. Kama ufumaji wa Unyamwezi ungekuwa bado na nguvu, hapo ndipo ungeinuka tena. Haukuinuka. Biashara iliendelea kuongozwa na mtaji wa pwani, na mwaka 1871 Mirambo alipofunga njia na kupigana na Waarabu wa Tabora, shabaha yake ilikuwa kuitawala njia na ushuru wake. Mirambo tunamheshimu kama mpinzani wa tabaka la wageni, lakini hatuna budi kusema kwamba hata yeye alipigania mlango wa biashara, si kitanda cha mfumi.

MTUMWA ANAPOJISHONEA JINA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo baadhi ya makada hulidharau zaidi, yaani nguo kama kauli.

Katika jamii ya watumwa mavazi yalikuwa sheria isiyoandikwa. Unguja mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana. Mwanamke mtumwa alijulikana kwa merikani yake au kaniki, nguo ya nili iliyokaribia weusi, iliyofungwa chini ya kwapa bila mshono. Bwana alijulikana kwa kanzu iliyotariziwa shingoni, kilemba na joho. Mtu hakuhitaji kuuliza, macho yalitosha.

Utumwa ulipotangazwa kukoma kisheria Unguja mwaka 1897, maelfu ya watu walioachwa huru hawakupewa ardhi, hawakupewa fidia (fidia walipewa mabwana), wala hawakupewa jina jipya. Walichoweza kubadili kwa mikono yao ni nguo. Wanawake waliitupa kaniki. Kwa mujibu wa masimulizi yanayojulikana sana pwani, miaka michache kabla ya hapo wanawake walianza kununua leso za mkononi zilizouzwa zikiwa zimeungana katika jora. Walikata vipande vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana yenye nakshi ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Hiyo ndiyo leso, na mbele kidogo ndiyo kanga, yenye pindo, mji na jina. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza zilizochapwa kwa namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaanza kuandikwa misemo, na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, linatajwa miongoni mwa yaliyoieneza desturi hiyo.

Msomaji atambue mpangilio wa matukio. Wanawake wa kawaida walivumbua kwa sindano, na mtaji ukafuata. Mara nyingi tunafundishwa kinyume chake.

Bara mambo yalikwenda polepole zaidi. Wajerumani, waliomshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, hawakuufuta utumwa. Walitoa vyeti vya uhuru kwa wachache, na wakaamuru kwamba watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ilikuwa mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika. Tabora ilijaa watu waliotolewa kwao, wengi wao wakiwa Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watu hao hawakusubiri sheria. Wapagazi wa pwani walijiita waungwana, hata wale waliokuwa bado watumwa, na vazi la dai hilo lilikuwa kanzu na kofia. Mtu aliyefika Tabora akiwa bidhaa alivaa kanzu, akaingia msikitini, akaketi barazani. Reli ilipofika mjini mwaka 1912, kanga za pwani zilianza kufika kwa siku chache badala ya miezi.

Kuna wanaosema kwamba huku kulikuwa kuiga mabwana tu, na kwamba mnyonge anayevaa kanzu ya bwana amekwisha kuikubali itikadi ya bwana. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba aliyevaa kanzu hakuikataa daraja. Alitaka kupanda juu yake. Lakini hoja hiyo inasahau mambo mawili. Alama ya utawala inapovaliwa na kila mtu inapoteza kazi yake, na ndivyo ilivyotokea: kizazi kimoja baada ya 1897, mtu hakuweza tena kumtambua mtoto wa mtumwa mtaani kwa kutazama nguo. La pili, kanga haikuwa nguo ya bibi wa Kiarabu hata kidogo. Ilizaliwa kwa wanyonge, na mabibi wakaja kuivaa baadaye. Huko si kuiga.

Hata hivyo tusijidanganye. Kanga ile ya uhuru ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani. Mwanamke alipata kusema kwa nguo yake, na kila alipobadili neno alinunua doti mpya kutoka kwa mtaji uleule uliomfunga mama yake. Kauli ilikuwa yake, nyenzo hazikuwa zake.

FUNDI WA BARAZANI

Cherehani ilipoenea, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, iliwekwa mbele ya duka, barazani, na aliyekaa nyuma yake alikuwa mwanamume. Jambo hili makada wanaoita ushonaji kazi ya kike wanalisahau. Kazi ya kanyagio yenye ujira ilikuwa ya wanaume. Wasichana katika shule za misheni na za serikali walifundishwa kushona kwa mkono, kutarizi na kutia viraka, na somo hilo likaitwa maarifa ya nyumbani, baadaye sayansi kimu. Mshono uleule ulikuwa ufundi ukifanywa na mwanamume barazani, ukawa adabu njema ukifanywa na msichana darasani.

Uhusiano wa fundi na mwenye duka ni mfano mzuri wa kufundishia thamani ya ziada. Tuseme mwenye duka anatoa baraza, kitambaa na cherehani, na fundi anatoa mikono yake. Fundi anashona suruali nne kwa siku. Analipwa kwa kila suruali, na kwa hiyo anadhani kwamba analipwa kazi yake yote. Lakini ujira wa suruali nne ni posho ya siku moja tu, wakati bei ya mshono ambayo mteja amelipa kwa suruali mbili ingeitosha posho hiyo. Suruali mbili nyingine amemshonea mwenye cherehani. Mfumo wa kulipwa kwa kipande huuficha unyonyaji vizuri kuliko mshahara wa mwezi, kwa sababu fundi hujilaumu mwenyewe: leo sikukazana.

Mafundi hawa walishona pia siasa. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya na kuenea bara kufuata reli na majeshi, ilihitaji sare: suruali, vyeo vya begani, kofia za kijeshi. Vijana wa vyama vya Marini na Arinoti walivaa ujenerali na ubalozi ambao serikali ya kikoloni isingewapa. Wapo waliowacheka. Lakini chama chenye sare kina michango, kina mweka hazina, na wanachama wake hukutana; na hayo ni mazoezi ya kujiongoza. Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka 1955 kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipita katika vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, fedha zao na nguo zao za kufanana. Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, uliokata shauri kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ulikuta nchini chama ambacho wanawake walikuwa nguzo yake.

MAKOSA YETU

Baada ya Uhuru tulijenga viwanda. Urafiki, kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na kwa mara ya kwanza kanga na vitenge kwa wingi vilitoka katika pamba yetu na mikono yetu. Tabora nayo baadaye ilipata kiwanda cha nyuzi. Hatua hizo zilikuwa sahihi kinadharia: zilielekea kuuziba ule mwanya kati ya kauli na nyenzo.

Lakini mwaka uleule wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Walioathirika zaidi walikuwa wasichana wa mjini, ambao baadhi yao walisumbuliwa na kuchaniwa nguo hadharani. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Wakati huohuo viongozi walivaa suti, hata kama ni zile za kola ya kusimama zisizo na tai, na hakuna aliyempima kiongozi suruali kwa chupa. Chama kilichokuwa kimejengwa na wanawake waliojishonea sare kilianza kuwapimia wanawake urefu wa pindo. Tuliirudisha ile sheria ya macho.

Upungufu wa nguo ulikuja baadaye kidogo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri viliviacha viwanda vikifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Nguo zikawa bidhaa adimu, za kupanga foleni. Mwaka 1984 milango ya biashara ikalegezwa, na mitumba ikaingia.

MTUMBA WA PILI

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa nguo za mitumba kwa hatua. Chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo wa Marekani kililalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi hizo katika mpango wa AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru katika soko la Marekani. Nchi nyingine, na sisi tukiwamo, zilirudi nyuma. Kati ya mkataba wa 1833 na tishio hilo imepita miaka 180 na kitu.

Igunga na Nzega wanalima pamba. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi huuzwa nje ikiwa ghafi. Mjini Tabora yupo fundi ambaye kazi yake ni kupunguza mitumba: anafumua mshono uliokazwa na mfanyakazi wa nchi nyingine, anakata, anashona upya kwa kiuno cha mteja wake. Ana ujuzi mkubwa. Ajabu ni kwamba ujuzi wote huo umewekwa katika nguo iliyokwisha kufa mara moja.

Katika hali hiyo, kikundi cha ushonaji cha wanawake kina maana gani? Inategemea. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, kwa hiyo cherehani aliyoinunua kwa fedha zake ni yake hata mume akikasirika. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Fedha ipo, walau kwa kiasi. Kinachovunja vikundi mara nyingi ni mambo ambayo mgeni rasmi haulizi.

Kada anayekwenda kukitembelea kikundi asianze kwa kuhesabu cherehani. Aulize kwanza nani anakata. Katika ushonaji ujuzi wa thamani kubwa umo katika mkasi: kupima mwili, kuchora kitambaa, kukata bila kupoteza. Kikundi ambacho wanachama 15 wanashona mistari iliyonyooka huku mkataji akiwa ni fundi mmoja wa kuajiriwa kutoka nje, kitamtegemea fundi huyo kama mpagazi alivyomtegemea mwenye mtumba. Aulize pia kitambaa kinanunuliwa kwa nani. Kikundi kingi kinakopa jora kwa mwenye duka na kumlipa kwa sare za shule zilizokwisha kushonwa, kwa bei anayoipanga yeye. Hapo wanawake wamehama kutoka baraza la duka kwenda chumba cha ofisi ya kata, na mwenye duka ameokoa kodi ya baraza. Soko la sare za shule ni kubwa na la kila mwaka, maana ada ya shule za serikali imeondolewa lakini sare mzazi bado anainunua. Shule ya kata ikiagiza kwa kikundi cha kata, fedha inabaki. Uamuzi huo huhitaji kamati ya shule iliyo tayari kungoja wiki mbili zaidi, na mwalimu mkuu asiye na shemeji mwenye duka.

Mwisho aulize wanachama wenyewe wamevaa nini siku ya kawaida, siyo siku ya ziara. Kama magauni waliyovaa wameyakata wenyewe, kwa mtindo walioubuni wao, mazungumzo yanaweza kuanzia hapo, na yaanze kwa wao kueleza, mmoja mmoja, kwa nini wamechagua shingo ile na mkono ule.